Ng'ombe Aliyezuia Maziwa

Kwetu Kirua Vunjo mwanamume hakamui. Atajenga banda, atanunua ng'ombe, atamchinja na kugawa nyama yake akijua kila kipande ni haki ya nani katika ukoo, lakini akionekana amechuchumaa chini ya kiwele na ndoo katikati ya magoti, watu wanajua kwamba katika nyumba hiyo kuna jambo. Katika nyumba yangu kulikuwa na jambo. Mke wangu alikuwa amezikwa upande wa juu wa kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba na mibuni, mahali ambapo ukisimama mlangoni pa banda unaona vigae vyeupe vya kaburi. Watu wa msiba walikuwa wameondoka, na ng'ombe alikuwa analia akitaka kukamuliwa.

Huyo ng'ombe alikuwa wake, wala si wangu. Mimi nilichangia mabati ya banda tu. Alimlea tangu akiwa ndama, akimkatia majani asubuhi na kumkatakatia migomba jioni, na kila alipokwenda kumkamua aliongea naye kwa Kichagga. Nikiwa sebuleni na redio yangu nilisikia sauti yake ikipita kwenye mbao za banda, ya chini, bila haraka, ikisimulia nani ameolewa, nani amegombana na mkwewe, nani kule juu ameziba mfongo wetu, mfereji wa kumwagilia, na kutunyima maji. Nilikuwa nikimtania kwamba ng'ombe anajua habari za ukoo kuliko mimi mwenye ukoo. Naye alinijibu kwamba ng'ombe anasikiliza.

Mimi nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na katika mada zote hakuna niliyoipenda kama ile ya neva zinazoendesha viungo vya ndani bila kutuomba ruhusa. Vitabuni mada hiyo ilijaa majina marefu ya kigeni, na wanafunzi waliyakariri bila kuelewa kitu, kwa hiyo nilikuwa na mbinu yangu. Naingia darasani kimya, naanza kuandika ubaoni, halafu ghafla napiga meza kwa rula ya mbao. Darasa zima linaruka.

"Haya, shikeni vifua vyenu. Moyo unakwendaje?"

"Mbio, mwalimu!"

"Nani ameuamuru?"

Hapo walitazamana. Basi ndipo nilipoanzia. Niliwaambia kwamba ndani ya mwili kuna makundi mawili ya neva ambayo hayasubiri amri yetu. La kwanza nililiita neva za mbio. Zikiamka, mboni za macho hupanuka, moyo hukimbia, mapafu hufunguka, damu huondolewa tumboni ikapelekwa kwenye misuli, na tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini ili mwili mzima upate habari. La pili nililiita neva za utulivu. Kubwa kuliko zote hutoka chini ya ubongo, ikashuka shingoni, ikapita moyoni, ikafika mpaka kwenye matumbo, na kila inapogusa huwa inasema tulia, hakuna kitu, endelea kula. Mate hutoka, tumbo husaga, moyo hupunguza mwendo. Makundi haya huvutana mchana na usiku, na mtu mzima wa afya ni yule ambaye kamba haijavutwa yote upande mmoja. Bibi zenu walilijua hili zamani, niliwaambia, ndiyo maana tunasema mate yamenikauka, mwili umenisisimka, tumbo limenicheza, kijasho chembamba kimenitoka. Walicheka. Nilikuwa mwalimu mkali, ila siku ya somo hilo walicheka.

Siku za msiba, jirani yangu wa upande wa chini, mama mjane aliyenizidi umri, ndiye aliyekuwa akija kukamua. Alipata maziwa kidogo, akalalamika kwamba ng'ombe ana kiburi, lakini alipata. Baadaye mgongo ukamzidi, akaacha. Watoto wangu nao walikuwa wamesharudi makwao, binti kwenye biashara yake ya mitumba Kiboriloni, na kaka yake Dar es Salaam. Nikabaki na ndoo.

Nadharia nilikuwa nayo yote. Nilichemsha maji, nikaosha kiwele kwa kitambaa cha uvuguvugu, nikapaka mafuta ya kukamulia, nikakaa kwenye kigoda chake. Yakatoka matone machache yakilia kwenye ndoo, kisha basi. Kiwele kilikuwa kimejaa, kigumu, mishipa imesimama, na mimi naminya hakuna kinachokuja. Ng'ombe aligeuza shingo akaniangalia. Mboni zake zilikuwa zimepanuka, masikio yameelekezwa nyuma, na alikuwa ameacha kucheua.

Maziwa hayatoki kwa nguvu za mkono. Sehemu ndogo tu hukaa karibu na chuchu. Yaliyobaki yamo ndani kwenye vifuko vidogo vilivyozungukwa na misuli midogo, na misuli hiyo haibani mpaka ubongo wa ng'ombe utume homoni ya kuiambia ibane. Ubongo wenyewe hutuma ukikutana na mambo uliyoyazoea, yaani mlio wa ndoo, maji ya moto kiasi, mkono ule ule, sauti ile ile. Neva za mbio zikiamka, adrenalini inafunga njia. Kwa hiyo ng'ombe hakuwa na kiburi. Hakuweza kukataa wala kukubali, kama mimi nisivyoweza kuuamuru moyo wangu. Mwili wake ulimwona mgeni, ukafunga.

Shida ni kwamba mwili wangu nao ulikuwa umefunga. Akina mama wa kanisani waliniletea mtori, chakula ambacho hata mzazi aliyetoka kujifungua anameza bila kutafuna, ukanikwama kooni kwa sababu kinywa kilikuwa kikavu. Nilishtuka usingizini alfajiri, saa yake ya kuamka, moyo ukinipiga mpaka shati linatikisika, na hapakuwa na mtu wala kitu chumbani cha kuogopa. Nilishuka hospitali mjini Moshi. Daktari akapima moyo, presha na sukari, akaniambia sina ugonjwa, nina mawazo. Nilikasirika! Mtu amefundisha neva maisha yake yote anakuja kuambiwa ana mawazo. Nikiwa njiani kurudi nyumbani hasira zikanishuka, nikaona kwamba hakuniambia uongo. Watu huuzungumzia upweke kama jambo la rohoni. Mimi wangu ulikaa tumboni, ukakaa shingoni, ukakaa mikononi, na mikono hiyo ndiyo niliyokuwa nikimpelekea ng'ombe kila asubuhi. Aliniogopa kwa sababu nilinuka woga, na mimi nilimwogopa kwa sababu aliniogopa.

Nilijaribu kila nililojua. Nilimwekea mashudu kwenye kihori, akala akazuia. Nilimfungulia redio, kwaya ikaimba, akapiga teke ndoo. Nikakumbuka kwamba pumzi ndiyo mlango pekee ambao sisi na neva zile tunautumia pamoja, kwamba ukitoa pumzi taratibu ile neva kubwa ya utulivu hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Nikakaa kwenye kigoda nikivuta na kutoa pumzi kama mgonjwa wa pumu. Ng'ombe hakudanganyika.

Na sikuwa na muda wa kuchezea. Maziwa yakibaki ndani, kiwele huacha kutengeneza mengine, na mara nyingi hufuata ugonjwa wa kiwele. Mwanangu wa Dar alinipigia simu jioni moja, akauliza habari za ng'ombe kwanza, kisha akatoa lililokuwa moyoni.

"Baba, huyo ng'ombe akikauka, huko utabaki unafanya nini?"

Alikuwa amegusa penyewe. Mpaka hapo, kila walipotaka kunihamisha nilikuwa na jibu moja tu, nani atamhudumia ng'ombe. Maadamu ana maziwa, mimi ni mtu mwenye kazi, nina sababu ya kuamka na sababu ya kukaa jirani na kaburi. Akikauka, mimi ni mzee anayekaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vingi, na wazee wa namna hiyo huchukuliwa. Chumba changu huko Dar kilikuwa kimeshapakwa rangi. Mwanangu ana moyo mzuri, na mkewe pia, na nilikiogopa chumba hicho kuliko nilivyokiogopa kifo.

Koti nililiona siku hiyo ya simu, nilipokwenda kumtupia ng'ombe majani. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa banda. Siku ya kugawa nguo za marehemu wadogo zake walichukua vitenge, binti yangu akachukua sweta na viatu vya kanisani, mpaka sanduku likabaki tupu, lakini koti la kukamulia hakuna aliyelikumbuka, na hata angelikumbuka asingelitaka. Zamani lilikuwa koti langu la maabara, jeupe. Alilichukua lilipoanza kuchanika mfukoni, na tangu hapo lilikuwa limepata rangi ya samadi na harufu ya maziwa yaliyoganda, moshi wa kuni, majani mabichi, mafuta ya kukamulia na jasho lake. Nililishika tu, sikuwa na mpango wowote. Nilipoliweka usoni, mate yalinijaa kinywani.

Wazo likaja hapo hapo. Nikalivaa. Likanibana mabegani. Kwenye mfuko mzima kulikuwa na kilemba chake cha bandani, nacho nikajifunga, kwa sababu ng'ombe huyo ana tabia ya kunusa kichwa cha anayemkamua. Nikaingia nikakaa. Akaleta pua, akavuta harufu kwa nguvu mpaka nikasikia ubaridi shingoni, akashusha kichwa kwenye kihori. Baada ya muda mfupi akaanza kucheua. Chuchu zikajaa mkononi mwangu, maziwa yakashuka, na ule mlio mwembamba kwenye ndoo ukawa mzito, ukatoa povu.

Nikarudi jikoni na ndoo iliyojaa, nimevaa koti, nikapika kiburu cha ndizi na maharage nikala mpaka nikakwangua sufuria. Tumbo lilinguruma kwa furaha kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilielewa kilichotokea, na sikuona aibu. Harufu haipiti kwanza kwenye akili ndipo ifike kwenye hisia, ina njia yake fupi, na mwili wangu kama wa ng'ombe ulikuwa umeambiwa kwamba mwenye nyumba karudi. Uongo huo ulinitosha. Nikawa navaa koti asubuhi na jioni, na siku nyingine nilikaa nalo jikoni hata baada ya kukamua.

Sasa, mwezi wa saba huku kwetu ukungu hushuka mpaka kwenye migomba na huwezi kumtambua mtu aliye hatua chache mbele yako. Asubuhi moja yule mama jirani alikuwa akipita na mzigo wa majani kichwani, akatazama bandani. Akaliona koti. Akaona kilemba. Akaona mgongo uliokunjama mahali pale pale ulipokuwa ukikunjamia siku zote, akasikia na mlio wa maziwa yakishuka kwenye ndoo.

"Ruwa!" akaita, akimwita Mungu kwa Kichagga, kisha kwa Kiswahili, ili isibaki shaka, "Yesu wangu, amerudi kukamua!"

Nikageuka nimwambie ni mimi. Hilo ndilo lililoharibu kabisa, kwa sababu aliuona uso wenye ndevu ndani ya kilemba cha marehemu. Alitupa majani, akakimbia na mgongo wake huo mbovu kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao, akapita juu ya mfongo bila kukanyaga daraja. Neva za mbio, nikajisemea. Hazina umri.

Kufikia saa ya chai habari zilikuwa zimezunguka kijiji. Mzee wa kanisa alikuja na Biblia tayari kuiombea nyumba. Ikanibidi nimtolee koti na kilemba, nimweleze kila kitu, pamoja na adrenalini. Alinisikiliza kwa heshima, akafunga macho akasali sala fupi, nadhani ili apate nafasi ya kutocheka. Jioni nilishuka kwa jirani kumwomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, utaniua."

"Nisamehe. Ng'ombe hanitaki mimi. Anamtaka mwenyewe."

Akaendelea kumenya ndizi. "Basi vaa," akasema. "Ila uwe unaimba, nijue ni wewe."

Sikuimba. Mimi si mtu wa kuimba, na bandani sikuwa natoa hata neno. Lakini habari zilikuwa zimeshateremka mlima, na binti yangu akapigiwa simu sokoni Kiboriloni akaambiwa baba yake anavaa nguo za marehemu. Jumapili akapanda. Nilikuwa kanisani alipofika. Niliporudi nilikuta nyumba inang'aa, sufuria zimesuguliwa, mapazia yamefuliwa, sakafu imedekiwa mpaka chini ya kitanda. Yeye ndivyo anavyolia, anafua. Alikuwa amekwenda mpaka bandani.

Koti lilikuwa kwenye kamba, kati ya mgomba na mgomba, linachuruzika maji. Alikuwa amelisugua kwa brashi, akaliloweka, akalisuuza kwa maji ya dawa yenye harufu ya maua. Lilikuwa limerudi karibu na weupe wake wa maabara.

Mwili wangu ulijua kabla yangu. Macho yakaona giza pembeni, na nilipofungua kinywa ulimi ulikuwa mkavu kama ubao. Nikamfokea. Nikamwambia maneno ambayo hata mwanafunzi mkorofi sikuwahi kumwambia.

"Baba," akasema, akilia, mikono imejaa povu, "lilikuwa linanuka."

"Ndiyo," nikasema. "Lilikuwa linanuka."

Akaelewa. Akakaa chini pale pale kwenye nyasi, akajifunika uso kwa aproni yake. Nilimwinua, na tukala chakula cha mchana, na alipoondoka alinishika mkono kwa muda mrefu kwenye njia ya kuteremkia barabarani. Sikuwa na hasira naye tena. Lakini jioni ile nilivaa koti safi nikaenda kukamua, ng'ombe akanusa, akapiga chafya, akafunga.

Niliendelea kujaribu wiki nzima. Nililipaka koti samadi. Nililining'iniza juu ya moto wa kuni. Nilipata harufu ya samadi na harufu ya moshi, na ile ya katikati haikurudi. Kiwele kikaanza kusinyaa upande mmoja, na upande wa pili kikapata joto. Bwana mifugo alikuja, akakishika, akasema asipopata mkono mwingine wa kumkamua tutampoteza. Mwanangu alipopiga simu sikuwa na jibu lolote lililobaki, nikamsikiliza. Alipendekeza tumwekeshe. Ni desturi ya kwetu ya tangu mababu. Ng'ombe hukaa kwa mtu mwingine amtunze, maziwa na samadi viwe vyake, na ndama wagawanywe kwa mapatano. Kulikuwa na bwana mmoja wa bondeni, mtu mwaminifu, mkewe ana mkono mzuri. Angekuja kumchukua Jumamosi baada ya chai. Mimi ningefuata Dar wiki inayofuata.

"Sawa," nikasema.

"Kweli baba?"

"Nimesema sawa."

Jumamosi nilikwenda bandani alfajiri bila koti. Sikwenda kukamua. Nilitaka kupunguza kidogo kilichoweza kutoka, asiumie njiani, na nilitaka kumuaga. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikaegemeza paji la uso ubavuni mwake, mahali ambapo mke wangu alikuwa ameegemeza lake mpaka manyoya yakalala. Nikaona si heshima mnyama atolewe kwao bila kuambiwa. Nikamwambia kwa Kichagga kwamba leo anaondoka, atakwenda bondeni, na mama wa huko ni mpole.

Kisha nikaona inabidi nimweleze kwa nini. Mwalimu hawezi kutoa jibu bila sababu. Sababu ilianzia mbali, ikanibidi nirudi mwanzo, na mwanzo wenyewe ulikuwa sentensi moja ambayo nilikuwa sijawahi kuisema. Wengine wote walikuwa wameisema. Mchungaji aliisema kanisani, mwanangu aliisoma kwenye wasifu wa marehemu, ndugu walipigiana simu wakaambiana. Mimi nilikuwa nimesema msiba umetupata, nimesema mama hayupo tena, nimesema ametangulia, amepumzika, Bwana ametwaa. Kiswahili kimejaa maneno ya kuzunguka jambo hilo, na nilikuwa nimeyatumia yote. Kichagga cha bandani hakikunipa mahali pa kuzungukia. Nikamwambia, mama yako amekufa.

Nikaendelea, kwa sababu ukishamwambia mtu neno kama hilo huwezi kumwachia hapo. Nikamweleza alivyougua, alivyokataa kulazwa akisema nani atakamua, alivyoniuliza siku ya mwisho kama ng'ombe amekunywa maji. Nikamweleza nani alikuja mazikoni na nani hakuja, kitenge cha bluu amekichukua mdogo wake, mfongo umezibwa tena. Nilisimulia vibaya, nikirukaruka, machozi yakinishuka na kamasi pia, mtu mzima na mvi zangu. Machozi nayo hutoka kwa amri ya neva za utulivu. Nilifundisha hilo na sikuwahi kujiuliza baada yake hufuata nini.

Sijui nilikuwa nimesema nini nilipoisikia sauti ya kutafuna. Alikuwa anacheua. Ubavu wake ulikuwa unapanda na kushuka polepole chini ya paji langu la uso, na pumzi yangu ilikuwa imeshikana na yake. Mikono yangu ilikuwa kwenye chuchu kwa mazoea tu. Zikajaa. Nikaanza kukamua huku nikiendelea kuongea, sikuthubutu kunyamaza, nikasimulia habari za jirani na mzigo wake wa majani, habari za koti, habari za daktari, na maziwa yakashuka kutoka upande uliosinyaa, kisha, kidogo kidogo, hata kutoka upande uliokuwa na joto.

Naweza kueleza kisayansi. Anayeongea kwa muda mrefu hutoa pumzi taratibu kuliko anavyovuta, mikono yake hulegea, na ng'ombe huyo hakuwahi kukamuliwa katika kimya kabla ya msiba. Ningekuwa darasani ningeishia hapo na kufuta ubao.

Bwana wa bondeni alifika na kamba yake mpya begani. Tulisalimiana, akavua kofia, akanipa pole upya, na akaiona ndoo mlangoni, imejaa mpaka juu, povu bado linapasuka. Akaitazama ndoo, akanitazama uso.

"Mwalimu, huyu si ndiye aliyekuwa amezuia?"

"Ndiye. Haendi tena. Nisamehe kwa usumbufu."

"Si neno." Alisita, akikunja kamba yake. "Mwanao aliniambia ng'ombe hakutaki kabisa. Imekuwaje?"

"Tumeongea," nikasema.

Alicheka kidogo, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akaacha.

"Mmeongea nini, Mwalimu?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, na nikamwambia.

"Kwamba mke wangu amekufa."